Mkunazi wetu usitwishwe mzigo usiouweza

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache, ingawa nahofia yatakuwa mengi, juu ya mti ambao sisi watu wa Pemba tumezaliwa tukaukuta umesimama nyuma ya nyumba zetu, ambao miba yake ilituchana mikono na miguu tulipokuwa wadogo, na ambao majani yake ndiyo yatakayotiwa katika maji ya josho letu la mwisho. Mti huo ni mkunazi.

Kilichonisukuma kuandika ni ujumbe. Miezi michache iliyopita uliingia katika simu yangu kutoka makundi matatu kwa siku moja, ujumbe mrefu usio na jina la aliyeuandika, unaotaja maradhi yanayotibiwa na mkunazi. Nilianza kuyahesabu, nikachoka kabla sijafika mwisho. Kulikuwa na sukari, presha, ini, figo, saratani, utasa, kukosa usingizi, kukatika nywele, na hata husuda ya jirani. Chini kabisa msomaji anaagizwa achemshe majani, magome na mizizi pamoja, anywe glasi moja asubuhi na moja usiku, na aviache vidonge vya hospitali kwa kuwa ni sumu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitoa usingizini. Hata hivyo ningeyapuuza, kama nilivyopuuza mengi yanayopita katika simu siku hizi, lau yasingeingia katika nyumba ya shangazi yangu. Shangazi ana zaidi ya miaka 70, na sukari anaishi nayo kwa zaidi ya miaka kumi, akimeza metformini, vidonge vya kushusha sukari, kila siku na kujizuia vizuri kuliko wengi niliowahi kuwahudumia. Mjukuu wake alimsomea ujumbe ule kwa nia njema. Siku ya pili kijana alitumwa kwenda kuchubua gome la mkunazi wa jirani, na sufuria ikapandishwa jikoni. Juu ya hayo, muuzaji mmoja wa dawa za mitishamba alimletea pakiti ya matunda makavu mekundu, akamwambia kuwa hizo ndizo kunazi zenyewe za dawa, na kwamba akila kumi kila siku kongosho lake litaamka. Shangazi akaviweka vidonge kabatini. Alikaa wiki tatu bila kumwambia mtu.

Nilipomtembelea nilimkuta ameegemea ukuta, gudulia la maji liko pembeni yake na haliishi kujazwa, anakwenda msalani kila baada ya muda mfupi, na kidole cha mguu kina kidonda ambacho alidhani ni cha kiatu. Nilimpima kwa mashine yangu ndogo ya nyumbani. Mashine ilikataa kutoa namba, ikaonesha alama ya kwamba sukari imepita upeo wake wa kusoma. Alilazwa, akatiliwa maji na insulini, na alhamdulillahi alirudi nyumbani baada ya siku tisa, lakini kidole kile hakikurudi naye. Nilipopita baadaye kwa jirani niliona pia jambo ambalo sikulitazamia: mkunazi ule uliochubuliwa gome ulikuwa umevuliwa mzunguko mzima, kwa kuwa baada ya shangazi walikwenda wengine, na majani ya juu yalikwishaanza kukauka. Ujumbe mmoja ulimdhuru mgonjwa na ukaudhuru mti uliosingiziwa.

Ndiyo maana naona si haki kukaa kimya, na wala si haki kusema kuwa mkunazi hauna faida. Unazo faida, tena nyingi. Ila kila faida ina sehemu yake ya mti, ina namna yake ya kutumiwa, na ina mpaka wake, na ujumbe ule umezichanganya zote katika sufuria moja.

Kwanza lazima tujue tunazungumzia mti upi, kwa sababu jina moja la mkunazi linabeba miti zaidi ya mmoja. Mkunazi wetu, huu unaoota kwenye ardhi ya maweni ya Micheweni na katika viwanja vya nyumba zetu Unguja na Pemba, wataalamu wa mimea wanauita Ziziphus mauritiana, na Wahindi wanaiita kunazi yake ber. Mkunazi wa China ni ndugu yake, Ziziphus jujuba, mti unaopukutisha majani wakati wa baridi na ambao tunda lake likikaushwa huwa jekundu lenye mikunjo, ndiyo maana Wachina wanaliita tende nyekundu, ingawa na mtende haliko ukoo mmoja. Wa tatu ni mkunazi wa Bara Arabu, Ziziphus spina-christi, ambao Waarabu huuita sidri, na ambao maua yake ndiyo yanayowapa nyuki wa Hadhramaut ile asali mashuhuri inayouzwa kwa bei ya kumwogofya mtu wa mshahara. Anayetaka kuujua wetu na aligeuze jani: upande wa juu ni kijani kinachong'aa, upande wa chini ni mweupe wenye manyoya laini kama kitambaa kilichotumika. Jani la mkunazi wa China halina manyoya hayo.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Pakiti aliyouziwa shangazi ilikuwa ya tende nyekundu za China. Sifa nyingi zinazosambazwa kwa jina la kunazi zinatokana na tiba ya Wachina, ambao wameutumia mti wao kwa maelfu ya miaka na wana utaratibu wao. Kwa mfano, dawa yao ya usingizi na ya kutuliza moyo inatengenezwa kwa kiini cha kokwa ya aina ya mwitu wa mkunazi wao. Nyama ya tunda wanaichemsha na tangawizi na kuitia katika supu ili kumpa nguvu aliyedhoofika. Mwandishi wa ujumbe ameichukua kazi ya kiini cha kokwa ya mti wa China, akaipachika kwenye gome la mti wa Pemba, kisha akatuambia tunywe.

Sasa niseme juu ya tunda, maana hapa mkunazi hauna haja ya kusingiziwa chochote. Kunazi ni chakula. Sisi tuliokua nazo tunajua kuwa ina hatua tatu za kuliwa: ikiwa kijani iliyopevuka inavunjika menoni kama tufaha na ina ukali unaotaka chumvi na pilipili, ikiwa ya manjano inakuwa tamu, na ikishakuwa kahawia na kunywea inakuwa na unga ndani na harufu ya kitu kilichotaka kuchacha, ambayo wazee waliipenda na watoto wa leo wanaikunjia pua. Nilipokuwa skuli tulinunua kikombe kimoja njiani, tukafika darasani mifuko imejaa kokwa, na mwalimu akijua nani amechelewa kwa sababu gani.

Vipimo vya virutubisho vinavyotajwa zaidi ni vya kunazi ya China isiyokaushwa, ambayo katika gramu 100 ina takriban miligramu 69 za vitamini C. Yetu hutofautiana kwa aina na kwa upevu wake, lakini haiko mbali na hapo. Chungwa lina kiasi cha miligramu 50 hivi, na Shirika la Afya Duniani linamhesabia mtu mzima miligramu 45 kwa siku. Kwa maneno mengine, mkono mmoja wa kunazi unamtosha mtu kwa vitamini hiyo, bila senti moja kutoka mfukoni mwake ikiwa mti uko uani. Kwa uadilifu niongeze kuwa pera linaishinda kunazi kwa mbali, kwani gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, wala sijaona ujumbe hata mmoja unaomsifu mpera. Pengine kosa lake ni kutokuwa na miba.

Faida ya vitamini C ambayo mimi ningependa ijulikane zaidi, kuliko hizo za mafua zinazorudiwa kila siku, ni ile ya damu. Katika kliniki ya wajawazito nilikutana kwa miaka mingi na wanawake wenye upungufu wa damu ambao chakula chao hakikuwa kibaya: walikula maharage, mchicha, kisamvu na choroko. Lakini madini ya chuma yaliyomo katika mimea huingia mwilini kwa shida, na yakikutana na chai ya rangi katika mlo huohuo huingia kwa shida zaidi. Yakikutana na tunda lenye vitamini C hali hubadilika, yanafyonzwa vizuri zaidi. Mama mjamzito anayekula kunazi tano au sita pamoja na maharage yake, akaiacha chai mpaka baada ya saa moja au mbili, anaisaidia ile tembe ya madini ya chuma anayopewa kliniki ifanye kazi yake. Anachotakiwa ni kuila tunda likiwa halijapikwa wala kukaushwa, kwa sababu vitamini hiyo haistahimili moto na hupungua sana juani.

Kunazi kavu ina kazi nyingine. Maji yakishaondoka, kinachobaki kimejikusanya: ufumwele wa kusaidia choo, madini ya potasiamu, na sukari. Katika gramu 100 za tende nyekundu za China zilizokaushwa, zaidi ya gramu 70 ni wanga, na sehemu kubwa ya wanga huo ni sukari. Msafiri, mkulima, mtoto aliyetoka kuugua, hao wote kunazi kavu ni rafiki yao. Mgonjwa wa sukari anayekula kumi kila siku kwa imani kuwa ni dawa anajilisha ugonjwa wake kwa mkono wake mwenyewe, na ndivyo alivyofanya shangazi. Mgonjwa wa figo naye mara nyingi huambiwa apunguze potasiamu, lakini ujumbe unamwambia azidishe kunazi ili figo zipone. Nani atakayebeba dhamana hiyo, na jina lake halipo?

Huenda msomaji akauliza, je, hakuna lolote katika hilo la majani na sukari? Lipo, na ndilo linaloufanya uongo huu uwe mgumu kuung'oa. Watafiti katika nchi kadhaa wamewapa panya wa maabara waliotiwa ugonjwa wa sukari dondoo za majani ya mikunazi ya aina mbalimbali, na sukari katika damu ya panya hao ikashuka. Hiyo ni habari njema kwa mwenye maabara. Lakini dondoo ile ilipimwa kwa miligramu na panya akapimwa uzito wake, ilhali sufuria ya shangazi haikupimwa na chochote, na mwaka huu majani yanaweza kuwa na nguvu mara mbili ya mwaka jana kwa sababu ya mvua au umri wa mti. Utafiti wa kutosha kwa binadamu, wa kumwezesha daktari kuandika kipimo, haujafikiwa. Tena hatari iko pande zote mbili: anayeacha vidonge sukari inampanda, na anayechanganya vidonge na maji ya majani bila kumwambia daktari inaweza kumshuka ghafla akazimia njiani.

Kuna jambo jingine ambalo linanichekesha na kunifundisha kwa pamoja. Majani ya mkunazi wa China yana kemikali iitwayo zizifini, ambayo mtu akiyatafuna humziba ulimi asihisi utamu kwa muda mfupi. Sukari akiilamba inakuwa kama mchanga. Sijui ni wangapi duniani waliotafuna jani, wakaonja sukari wasiisikie, wakahukumu kuwa jani limeiua sukari mwilini, ilhali limeificha mlangoni tu na yenyewe imepita ikaingia ndani.

Nije kwenye jani lenyewe kwa kazi yake inayojulikana. Jani la mkunazi ni sabuni. Lina saponini, vitu vinavyotoa povu likitwangwa na kupigwa katika maji, na povu hilo huondoa mafuta na taka kwenye ngozi na nywele bila ukali wa magadi. Bibi zetu waliosha nywele kwa maji hayo kabla shampuu haijafika madukani, na hata leo mwenye ngozi inayowashwa na sabuni za manukato anaweza kupata raha kwayo. Hapo pia pana mpaka: upele unaosababishwa na vijidudu vinavyochimba ngozi, ule unaowasha usiku na kuambukiza nyumba nzima, hauondoki kwa povu la mkunazi. Unataka dawa ya kupaka kutoka kituo cha afya, na watu wote wa nyumba wapakwe siku moja.

Na jani hili lina heshima ya dini, ambayo haihitaji nyongeza ya mtu wa simu. Katika hadithi ya Ummu Atiyya iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha wanawake waliokuwa wakimuosha binti yake wamuoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na mkunazi, na katika mara ya mwisho watie kafuri. Mpaka leo hakuna shehia ya Pemba ambayo mtu akifariki hatumwi kijana kwenda kutafuta majani. Qur'ani nayo inataja mikunazi isiyo na miba katika Suratul Waqia, na Mkunazi wa mwisho katika Suratun Najm. Mti uliotajwa huko si wa kuuzia porojo.

Najua kuna wasomaji watakaoniuliza juu ya majani saba ya kijani yanayotwangwa na kusomewa kwa ajili ya aliyepatwa na uchawi au kijicho. Hilo lina wenyewe, na mashekhe wanalijua kuliko mimi. Ninachowaomba wanaosoma ruqya, yaani kisomo cha kutibu, ni kimoja, na baadhi yao Mungu awalipe tayari wanakifanya: wakimwogesha mgonjwa kwa maji ya mkunazi, wamuulize ana dawa gani za hospitali na wamwambie aendelee nazo. Nimewahi kumpokea kijana mwenye kifafa ambaye familia yake ilisimamisha vidonge vyake ili kisomo kifanye kazi peke yake, akaanguka jikoni juu ya moto. Hakuna aya iliyowataka wafanye hivyo.

Gome na mizizi ndiyo sehemu inayonitia wasiwasi zaidi. Gome la mkunazi lina ukakasi wa tanini, uleule unaotumiwa kulainishia ngozi za wanyama, na wazee wengi, hapa kwetu na kwingineko, walilichemsha kuzuia kuharisha. Ukakasi kweli hukaza utumbo. Lakini mtoto anayeharisha haharibikiwi na choo chenyewe, anaharibikiwa na maji na chumvi zinazotoka na choo hicho, na kijiko cha maji ya gome hakizirudishi. Anayetaka kumwokoa mtoto ampe ORS, ile pakiti inayochanganywa katika lita moja ya maji safi, kidogo kidogo na mara kwa mara, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na kama bado ananyonya asiachishwe. Akiwa macho yameingia ndani, hana machozi, au analala tu bila kuchangamka, asingojwe mpaka asubuhi.

Na kwa kuwa nimewataja watoto, kokwa ya kunazi ni ngumu na ya mviringo. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe kunazi nzima, akatiwe nyama peke yake. Kokwa ya tende nyekundu ya China ni hatari kwa namna yake, maana ina ncha kali pande zote mbili, na huko kwao ni miongoni mwa vitu ambavyo madaktari huvitoa mara kwa mara katika koo za wazee waliokula kwa haraka.

Ndugu Mhariri, nimesema kuwa mti nao unadhurika, na hilo sitaki lipite. Mkunazi unastahimili kiangazi kuliko miti yetu mingi ya matunda kwa sababu mzizi wake mkuu unashuka chini sana, unaota juu ya mawe ambapo mkarafuu haujaribu, ukikatwa unachipua, mbuzi wanakula majani yake na nyuki wanapenda maua yake. Kwa ugumu wa mbao zake umekuwa ukiingia katika kuni, makaa na matanuri ya chokaa kwa muda mrefu. Huo ulikuwa ukataji ambao mti unaweza kuustahimili kwa kiasi, kwa kuwa shina linachipua tena. Kuchubua gome mzunguko mzima na kufukua mizizi ni kuua, hakuna kuchipua. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud limekuja onyo kali kwa anayekata mkunazi, na Abu Daud mwenyewe alilieleza kuwa linamhusu anayekata kwa dhulma na bila haki mkunazi wa jangwani ambao wasafiri na wanyama wanapata kivuli chake. Nadhani wenye kuuchubua mkunazi wa jirani usiku usiku wangeisoma pia hadithi hiyo, ingawa ujumbe wao hauitaji.

Mjini Unguja kuna mtaa wa Mkunazini, unaojulikana na ulimwengu kwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 na kanisa kubwa lililojengwa mahali pake. Jina linatuambia kuwa hapo palikuwa na mkunazi ambao watu waliutumia kuelekezana njia. Majina ya miti tunayo mengi, Miembeni, Michenzani, Mwembetanga, na anayekwenda Michenzani leo kutafuta mchenza atakutana na majumba marefu ya ghorofa. Sipendi wajukuu zangu waujue mkunazi kwa njia hiyohiyo.

Wenzetu wa nchi nyingine wameutendea mti huu kwa akili. India wameuchukua mkunazi uleule wa kwetu, wakachagua aina zenye matunda makubwa na matamu, kama Gola na Umran, na wanazibebesha juu ya shina la mkunazi wa kienyeji ili mizizi iwe ya mti mstahimilivu na tunda liwe la kuuzika. Katika bonde la Zambezi, Zimbabwe na jirani zake, kunazi wanaiita masau, wanaikausha na kuiuza masokoni, na inawasaidia familia wakati chakula kimepungua ghalani. Sisi hapa tunatengeneza achari ya embe, ya ndimu na ya bilimbi, lakini kunazi tunaiacha ianguke iliwe na funza, kisha tunakwenda dukani kununua pakiti ya kunazi ya China kwa sababu imeandikwa dawa. Akina mama wa vikundi vya kusindika matunda wakijaribu achari ya kunazi ya kijani, kwa chumvi, pilipili na siki, nina hakika watapata wanunuzi, na mimi nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Ninayo maombi kwa wenye mamlaka, na nitayasema kwa ufupi. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liwatake waganga waliosajiliwa, ambao wengi wao ni watu waaminifu na nimefanya kazi nao bila ugomvi, wasimwachishe mgonjwa dawa za hospitali, na lisikae kimya pale dawa inapouzwa kwa jina la mti mmoja na ndani yake mna mti mwingine. Kliniki za sukari ziwaulize wagonjwa, kwa upole na bila kuwakaripia, wanatumia mitishamba gani. Nasema bila kuwakaripia kwa sababu shangazi alinificha mimi mwenyewe, mtoto wa kaka yake, muuguzi, akihofia nitamgombeza. Na kwa kweli ningemgombeza. Hilo ni kosa letu sisi wa makoti meupe, na halitaondoka kwa kuwalaumu wenye simu peke yao.

Kuhusu kupanda mikunazi katika skuli na misikiti, sina haja ya kuomba kibali cha mtu. Nimekwishaotesha miche minane ya mkunazi katika mifuko, kutokana na kokwa nilizozivunja ganda kidogo ili ziote upesi. Mbuzi wamekula miwili. Iliyobaki nimeahidi mmoja kwa jirani yule wa gome, na mwingine kwa msikiti wetu, kwa kuwa mara ya mwisho tulipopatwa na msiba waosha maiti walitoka kutafuta majani, wakazunguka nyumba nne, na josho likangoja.

Wako katika utumishi,

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba